Juu ya Karatasi

Baba alikata mibuni thelathini na minane kwa ajili yangu. Aliikata mwenyewe kwa shoka, siku nne mfululizo, na hakutaka msaada wa mtu. Ilipandwa na baba yake. Ni kweli ilishazeeka na kuzaa kwake kulikuwa kwa kusitasita, lakini kila mwaka baada ya mavuno aliipogoa taratibu, kama anamnyoa mzee wake. Siku ya tano aliniita nje akanionyesha uwanja mtupu katikati ya migomba, udongo mbichi, visiki vimerundikwa pembeni. Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Haya," akasema. "Ipime hiyo mbingu yako."

Naanza na mibuni kwa sababu miezi yote iliyofuata haikunitoka machoni. Wenzangu wa chuo wananiuliza habari za mitambo, za masafa, za nguvu ya mawimbi, nami nawajibu. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni kitu gani kilisimama pale kabla ya antena. Babu amezikwa ndani ya kihamba hicho hicho, shamba letu la nyumbani, hatua chache kutoka mstari wa mwisho wa kahawa ile, na baba alikuwa na mazoea ya kumpitia asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe. Mtu wa namna hiyo akikukatia kahawa, amekupa kitu ambacho huwezi kukirudisha. Unachoweza ni kuhakikisha tu kwamba haikukatwa bure.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu, chuo kikiwa Dar es Salaam na kazi yangu ikiwa nyumbani, Old Moshi, kwenye mteremko wa mlima. Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyomweleza baba, maana aliielewa haraka kuliko baadhi ya walimu wangu. Juu kabisa, kupita mawingu, kupita ndege, hewa ni nyepesi mno na jua linaichana mpaka inabaki na umeme ndani yake. Tabaka hilo linaitwa ionosfia. Kwetu sisi wa karibu na ikweta halitulii. Linajaa mabonge, na ishara za setilaiti zikipita humo zinayumba.

"Uji uliokorogwa na mvivu," baba alisema.

Ndiyo hivyo hasa. Mtambo niliotumia ni rada: unarusha mawimbi, mawimbi yakigonga mabonge yale yanatawanyika, na sehemu ndogo sana inarudi chini. Mwangwi huo ndio nilitaka kuupima: umetoka umbali gani, una nguvu kiasi gani, mabonge yanakwenda kasi gani. Ila kuna sharti. Mabonge hayo si ya mviringo. Yamevutwa yakawa marefu kama kamba, yanafuata sumaku ya dunia, na ukiyapiga kwa ncha hurudishiwi kitu. Lazima uyapige ubavuni. Kwa hapa kwetu maana yake ni kwamba mawimbi hayarushwi wima. Yanalazwa digrii ishirini na kitu kuelekea kusini, upande wa Moshi mjini. Ukikosea upande, hupati mwangwi mdogo. Hupati kitu kabisa.

Antena zenyewe zilisimama wima, mistari sita iliyokatiza mteremko, nguzo nne kila mstari, kila nguzo na urefu wake ili vichwa vyote viwe sawa. Tulizipima kwa mpira wa maji kama mafundi wa nyumba. Kinacholaza mawimbi si nguzo, ni nyaya. Mstari unaopewa waya mrefu zaidi unapata umeme kwa kuchelewa kidogo, na mawimbi yote yanainamia upande wa mstari uliochelewa. Tofauti kati ya waya na waya ni mita chache tu. Mtu akisimama uwanjani akatazama, haoni kilicholazwa wala kilicholala.

Nyaya sita kuu nilizikata mwenyewe, hata ule mfupi kuliko zote ukiweza kufika mstari wa mbali. Kila mmoja nikauzungushia plasta nyeupe na kuandika mahali pake, kuanzia JUU hadi CHINI, kufuata mchoro wangu. Mchoro niliuchora mchana mmoja nikiwa nimekaa mlangoni pa banda la kukobolea kahawa, ambalo sasa lilikuwa banda la mitambo, maana kahawa ya kukoboa haikuwepo tena. Nikaubandika ukutani juu ya meza. Kisha nikaondoka kwenda Dar kufuatilia kibali cha kurusha mawimbi na kulitoa bandarini sanduku la mwisho la vifaa. Nilidhani ningekaa siku tatu. Nilikaa wiki mbili na nusu.

Mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Baba alinipigia simu siku moja nikiwa kwenye foleni, nimeshatumwa dirisha la nne asubuhi ile, na karani ananiambia nirudi la kwanza. Alikuwa na fundi umeme, mtu wa Rau, mtaratibu, tuliyempata kupitia kanisani.

"Mwanangu, tunataka kulaza nyaya tufukie kabla mvua haijatukuta. Sasa hizi nyaya, huu mmoja mrefu..."

"Baba, fuateni maandishi," nilisema. "Yafuateni tu kama yalivyo. Msiongeze akili zenu."

"Haya," akasema.

Mimi nina hasira za karibu, nimerithi kwa mama. Nilikata simu nikarudi dirisha la kwanza, na jambo lile likanitoka kichwani.

Nilipofika nyumbani kila kitu kilikuwa tayari. Nyaya zimepita kwenye mabomba ya plastiki, mtaro umefukiwa na kushindiliwa, na mama alishaanza kupanda maharage juu yake ili udongo usikae bure. Nilifurahi. Niliwasha mtambo mwanzoni mwa mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi, baba amesimama nyuma yangu na kofia mkononi. Kwenye skrini vikajaa vinukta kama mchanga uliomwagwa sakafuni. Ni kelele tu, nilimwambia, anga lina kelele zake. Mwangwi utakuja.

Haukuja mwezi wa tatu. Haukuja wakati mvua zinapiga bati mpaka sisikiani na mama aliyeniletea chai.

Baba hakuwa mtu wa kukaa juu ya kichwa cha mtu. Aliuliza mara moja tu kwa siku, wakati wa chakula cha mchana, akiwa ameshanawa.

"Wamejibu?"

Alisema hivyo, wamejibu, kama kuna watu kule tuliowaandikia barua.

"Bado, baba."

"Haya."

Na hilo "haya" ndilo lililonimaliza. Angegomba, ningepata pa kushika. Nilikagua kila kitu. Nilifungua mtambo nikaufunga. Nilipanda kila nguzo. Umeme ukikatika nililaani umeme, ukirudi nikakosa wa kumlaani. Siku moja nilimwita yule fundi wa Rau nikamwambia kwamba maungio yake ni mabovu, ayarudie yote, na nilimwambia mbele ya wazazi wangu kwa sauti ambayo hata leo sipendi kuikumbuka. Akayarudia yote, siku mbili, kimya. Yalikuwa mazuri tangu mwanzo. Alipomaliza alikusanya vifaa vyake akaenda zake bila kunywa chai, na mama hakuniongelesha mpaka kesho yake.

Msimamizi wangu alikuwa nchi za nje, mtu mpole anayeandika barua fupi. Barua zikazidi kuwa fupi. Mtambo ulikuwa wa kuazima, na kilichoazimwa kina foleni: chuo kimoja cha nchi jirani kilikuwa kikiungoja. Tulikubaliana mwisho wa mwezi wa sita. Kama hakuna mwangwi mpaka hapo, lori litakuja, na mimi nitatafuta mada nyingine. Mada nyingine. Nilitoka nje nikatazama uwanja ule na nguzo zake, nikajiuliza mada nyingine nitaikatia mibuni ya nani.

Maneno nayo yakaanza. Yalianza kwa utani, na watu wetu wakitania hawakosei mahali pa kuchoma. Mzee jirani, rika la baba, alisimama njiani akaniuliza kama miti ile ya bati imeshatoa maua. Wiki iliyofuata nilimsikia akimuuliza baba mwenyewe, kwenye mpaka wa shamba, kilo ya mbingu siku hizi inauzwaje. Baba alicheka. Namjua baba anapocheka kweli, na siku ile hakucheka kweli. Alirudi, akanawa, akakaa mezani mbele ya bakuli la mtori wa ndizi, na mkono uliokuwa na kijiko ukabaki mezani.

"Wamejibu?"

"Wamejibu, baba."

Sikupanga kusema. Niliutazama ule mkono tu nikasikia mdomo wangu umeshasema. Mama aliacha kupakua. Baba aliweka kijiko chini, akanitazama, halafu akatazama mlangoni, kuelekea uwanjani.

"Leo?"

"Leo asubuhi. Kidogo tu. Lakini wamejibu."

Hakusema "haya". Alisema "aika", ahsante, kwa lugha ya nyumbani, na sikujua ananiambia mimi au nani.

Jumapili hiyo ilikuwa ya Pasaka. Kwetu mtu mwenye shukrani huenda mbele kanisani na alichonacho, husema kilichomfikisha pale, na baada ya ibada vitu hunadiwa nje. Baba alikata mkungu mkubwa kuliko yote iliyokuwa shambani. Aliubeba begani mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaenda akasimama mbele amevaa koti lake la harusi.

"Namshukuru Mungu," akasema. "Mtambo wa binti yangu umejibiwa kutoka mbinguni."

Watu wakasema amina. Wengine waligeuka kunitazama, na mimi nikatabasamu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Nje, yule mzee jirani ndiye aliyeununua mkungu, na akampa baba mkono. Nilirudi nyumbani kwa njia ya juu ili nisikutane na watu, nikajifungia bandani, nikakaa sakafuni palipokuwa na harufu ya maganda ya kahawa ya miaka yote.

Tangu siku hiyo baba hakuuliza tena. Angeulizia nini? Alishajibiwa. Akawa anaketi kula akisimulia habari za ng'ombe, na mimi nikatamani lile swali lirudi. Nilikuwa nimemnyang'anya hata hilo.

Mwezi wa tano nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia msimamizi wangu. Nilitengeneza mwangwi. Si kazi ngumu. Ukijua unavyopaswa kuonekana unaweza kuuchora kwa kompyuta vizuri kuliko wa kweli. Nilikaa asubuhi nzima, nikapanga vinukta, nikaongeza kelele kidogo ili uaminike. Ulikuwa mzuri. Nilimdanganya baba uso kwa uso. Kumdanganya mtu wa mbali kwa barua kungenishinda nini? Faili lilikaa kwenye kompyuta siku mbili. Siku ya tatu nikamwona baba dirishani anapita katikati ya nguzo, anasimama kwenye kila moja, anaipapasa kwa kiganja alivyokuwa akiipapasa mibuni. Nikalifuta. Sikujisikia mwema. Nilijisikia nimebaki bila hata hilo.

Mwisho wa mwezi wa sita ukafika. Lori lingekuja Jumamosi. Jumanne ya wiki hiyo nilikuwa bandani nafungasha vitabu, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, baridi ya kuingia kwenye mifupa. Mama akaniletea chakula kwenye bakuli lenye mfuniko. Hakuwa na kawaida ya kukaa, lakini siku hiyo alikaa, labda aliniona usoni. Akawa anatazama mchoro ukutani.

"Huu ndio uwanja wetu?"

"Ndiyo, mama."

"Na hiki kijumba?"

"Ni hili banda."

Akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. "Sasa mbona umelijenga chini? Umelihamishia mjini?"

Nilifungua mdomo kumweleza kwamba michoro ndivyo ilivyo, kwamba nilikuwa nimekaa mlangoni nikatazama mbele, kwamba mstari wa mbali nao kwenye karatasi unakaa juu. Sikumweleza. Nilisimama.

Banda letu liko upande wa mlima. Uwanja unateremka kutoka mlangoni kwenda upande wa mjini. Nilipochora nilikuwa nimeupa mlima mgongo, kwa hiyo juu ya karatasi yangu palikuwa upande wa bondeni. Mstari wa bondeni ndio uliohitaji waya mrefu, na kwenye waya mrefu niliandika JUU. Nao baba na fundi walisoma juu. Mtu mwingine yeyote wa nchi hii, mtu wa Dodoma, mtu wa Tabora, angesimama akauliza: juu ipi? Hapa hakuna anayeuliza. Hapa juu ni mlimani. Tunaambiana chumvi iko juu ya kabati, lakini ukizungumzia ardhi, njia, ng'ombe au mtaro, juu ni moja tu, na mtoto anaijua kabla hajajua kulia na kushoto. Mimi mwenyewe Jumapili ile nilirudi kwa njia ya juu na sikufikiri mara mbili. Nilizaliwa pale, nikaenda shule, nikarudi nikaandika neno la nyumbani kwa maana ya karatasi.

Miezi minne mawimbi yangu yalikuwa yamelala upande wa mlima, yanazipiga zile kamba kwa mshazari, yanapita, hayarudi.

"Umekuwaje?" mama aliuliza.

Nilimwambia. Nilimwambia yote, na la Pasaka nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akatoka, akaenda mpakani, akarudi na jani la sale.

Kwetu mtu akikujia na sale mkononi kuomba radhi, huwezi kumkatalia. Nimeona ndugu waliotaka kuuana wakinyamazishwa na jani hilo. Sikuwahi kudhani ningelibeba kwenda kwa baba yangu. Mama alilifunga fundo, akanipa.

Baba alikuwa barazani ananoa panga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaliona jani. Jiwe la kunolea likasimama. "Umeua mtu?"

"Nilikudanganya. Mtambo haukuwahi kujibiwa. Hata siku moja."

"Hata ile siku?"

"Hata ile siku."

Ng'ombe alilia zizini na hakuna aliyegeuka. Nilingoja aitaje kahawa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kahawa. Nilikuwa na maneno ya kahawa.

"Nilisimama madhabahuni," akasema polepole. "Nikamshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakukitoa."

Nililia, na yeye akaniacha nilie. Niliponyamaza nikamwambia kwamba kosa nimeliona, nyaya zimekaa kinyume, ule ulioandikwa juu...

"Niliuweka juu."

"Ndiyo, baba."

"Uliandika juu, nikauweka juu."

"Mimi nilimaanisha juu ya karatasi."

Alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu na kwa haki, kama mtu anayejaribu kweli kuelewa.

"Karatasi ukiilaza mezani," akasema, "juu yake ni wapi?"

Akaendelea, sasa sauti imepanda kidogo. "Nilishangaa. Waya mrefu kuliko zote unakwenda mstari wa karibu kuliko yote. Ukabaki mwingi, nikaukunja vizuri, nikaufukia. Nikajisemea, wasomi wana sababu zao."

"Si ungeniuliza, baba."

Neno lilikuwa limeshatoka. Baba alinitazama, na hapo nikaikumbuka foleni, dirisha la nne, simu.

"Niliuliza," akasema.

Alinyoosha mkono, akalipokea lile jani, akaliweka kwenye mfuko wa shati. Akasimama, kiuno kikamlia.

"Umekuja na sale, kwa hiyo hata kugomba siwezi. Lete majembe."

Kuongeza vipande vya waya bandani kungekuwa rahisi, lakini waya wa aina ile haukuwepo. Nilishuka mjini Jumatano asubuhi nikazunguka maduka yote ya umeme. Walikuwa na wa televisheni tu, na huo haukufaa. Ilibidi kufukua mtaro wote na kuhamisha nyaya mstari kwa mstari, wa kwanza uende wa sita, wa pili uende wa tano. Tulichimba watatu, baba, mama na mimi, katika manyunyu yasiyokoma. Mama aling'oa maharage yake yakiwa bado wiki mbili yakauke, hakusema kitu, akayatupia ng'ombe. Udongo ulikuwa unashika kwenye jembe kama ugali. Kwenye mstari wa karibu tukakuta ule waya uliokunjwa, duara safi juu ya duara, umefungwa kwa kamba ya mgomba ili usifumuke. Baba aliufungua yeye mwenyewe. Nilitazama pembeni.

Alhamisi umeme ulikatika tangu asubuhi. Tukafukia hivyo hivyo, na mchana ukaisha bila kuwasha. Nilikaa mlangoni pa banda nikahesabu: imebaki Ijumaa, na Jumamosi hadi lori litakapofika. Mwangwi wa aina niliyokuwa nautafuta hutokea mchana tu. Kama umeme usingerudi, au kama nilikuwa nimekosea tena, basi ni visiki vile pembeni, na waraka wa lori wa kutia sahihi.

Ijumaa umeme ulirudi saa mbili. Niliwasha. Mchanga ule ule sakafuni. Saa tatu, mchanga. Saa nne nikaegemeza paji la uso kwenye meza, kwa sababu shingo ilikuwa imechoka kubeba, na nikakaa hivyo. Sikuomba. Niliogopa hata kuomba, baada ya yale.

Nilipoinua kichwa palikuwa na mstari.

Ulikuwa mwembamba, kilomita mia na hamsini na kitu kutoka tulipo, umekatika hapa na pale. Nilidhani ni macho. Nikafuta skrini kwa kiwiko. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo mstari ulivyoshuka, ukalegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, na nikajua ni wenyewe, maana unapaswa kushuka hadi saa sita kisha upande tena, na hakuna kelele inayojua saa.

Baba alikuwa anasawazisha udongo juu ya mtaro. Nilimwendea nikashindwa kusema sentensi niliyoisema mara moja kwa uongo. Nikamwambia tu, "Baba, njoo uone."

Alivua viatu vya matope mlangoni, akaingia na soksi, akasogeza uso.

"Ni huu?"

"Ndiyo huo."

"Mwembamba."

"Ndiyo, baba."

Aliutazama muda mrefu. Alitaka kuugusa, nikaona kidole kinakwenda na kurudi. Kisha akaenda kuvaa viatu vyake.

Lori lilifika Jumamosi saa tano. Niliuzima mtambo mstari ukiwa bado unashuka. Siku moja na robo, hiyo ndiyo data niliyopata kwa mibuni thelathini na minane, na mpaka leo watu wa chuo wanabishana kama inatosha. Jioni uwanja ulikuwa na mashimo ya nguzo yamejaa maji, na baba anapita katikati yake akipima kwa hatua, sikumwuliza anapima nini.

Jumapili tulikaa benchi letu la siku zote. Yule fundi wa Rau alikuwa mbele yetu, mistari miwili. Mchungaji akauliza nani ana shukrani apite mbele. Mama akamgusa baba ubavuni kwa kiwiko. Baba hakuinuka. Alikuwa na kofia yake gotini, anaitazama.

"Yangu niliitoa Pasaka," akanong'ona, si kwa mama, kwangu. "Imebaki yako."

Sikuwa na mkungu wala yai. Niliinuka, nikapita mbele ya magoti yao, nikaenda.